Umefika, Lakini Lini?

Mashine ya kupimia magari ina maneno mawili yanayowatuliza wenye malori kuliko hata risiti ya mafuta: "mawasiliano sawa". Ukiichomeka kwenye soketi chini ya usukani inazungukia kompyuta zote za gari, injini, giaboksi, breki, dashibodi, na kila inayoitikia inawekewa alama ya kijani. Mwenye lori anapiga picha kioo, anaituma kwa WhatsApp kwa mshirika wake Dar es Salaam, na kazi inahesabika imekwisha. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Soweto, Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya miaka hii ni kubishana na ile alama ya kijani. Inasema ujumbe unafika. Haisemi unafika lini, na kwenye lori lenye tani zake mgongoni hilo "lini" ndilo linaloamua gia iingie au isiingie.

Barabara yetu inafaa sana kwa somo hili. TANZAM inapita jijini, na hakuna upande unaotoka bila kupanda au kushuka. Lori la kutoka Dar limeshaparamia Kitonga, limepita Iringa, Mafinga na Makambako, limepumzika kidogo kwenye tambarare ya Igawa na Chimala, kisha likapanda tena kuja Uyole. La kutoka Tunduma na shaba ya Zambia au Kongo linaupanda Iwambi kutoka Mbalizi. Likitufikia limebadilisha gia mara zisizo na hesabu, na kila badiliko la gia kwenye lori la siku hizi ni mazungumzo. Giaboksi inaiomba injini ipunguze nguvu, injini inakubali, klachi inaachia, gia inahama, injini inarudishiwa uhuru wake. Yote hayo yanapita kwenye waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, ambazo mtu asiyejua angedhani ni za spika.

Waya hizo zina historia fupi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuubuni mtandao unaoitwa CAN mwaka 1983, ikautangaza Detroit mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingia kwenye Mercedes-Benz za S-Class. Kabla ya hapo kila sensa ilivuta waya wake hadi mahali pake, na mafundi waliotutangulia walijua fungu la waya lenye unene wa mkono. Mtandao uliliondoa lile fungu. Kila kompyuta ya gari ikaning'inizwa kwenye zilezile waya mbili, na zote zikawa zinasikia kila kinachosemwa.

Sasa, zikitaka kusema kwa pamoja inakuwaje? Hapa ndipo ujanja ulipo. Kila ujumbe unatanguliwa na namba yake ya utambulisho, inayotumwa biti moja moja. Anayetuma 0 anamfunika anayetuma 1. Kompyuta iliyotuma 1 ikasikia 0 inajua kuna mkubwa wake, inajitoa, inasubiri. Aliyeshinda hata hajui kwamba alikuwa na mshindani. Hakuna kugongana, hakuna msimamizi wa zamu, wala hakuna saa moja ya wote. Mwenye namba ndogo anatangulia, basi.

Ila kuna sharti ambalo vijana wa gereji hulisahau: ujumbe ukishaanza kupita hausimamishwi. Hata mkubwa wa wakubwa akitokea nusu ya njia, atangoja ule mdogo umalizike. Ndivyo ilivyo Kitonga: semi ikishaingia kwenye kona, gari la wagonjwa na king'ora chake litaifuata nyuma polepole mpaka juu. Kwa hiyo hakuna ujumbe usiosubiri kabisa. Suala ni kiasi gani.

Kiasi hicho kinahesabika. Malori mengi hufuata kanuni inayoitwa J1939, ambayo kwa kawaida hupitisha biti 250,000 kwa sekunde, yaani kila biti inakula sehemu 4 za milioni ya sekunde. Ujumbe mmoja wa aina hiyo ukijaa baiti zake nane, pamoja na biti za nyongeza ambazo mtandao unazichomeka wenyewe ili kompyuta zisipotezane, unaweza kufikia biti 160. Zidisha: milisekunde 0.64. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mtu mmoja anaikalia njia. Kanuni hiyohiyo imegawa vipaumbele kuanzia 0, kilicho cha juu kabisa, hadi 7. Jumbe za kuendesha injini na giaboksi kwa desturi hupewa 3, za habari za kawaida 6. Kasi ya injini hutangazwa kila baada ya milisekunde chache, mwendo wa gari kila milisekunde 100, joto la maji ya rejeta mara moja kwa sekunde. Ukiyajua hayo na ukawa na daftari na kalamu, unaweza kulihukumu lori kabla hujaligusa.

Nitaleta kisa kimoja, maana bila kisa hesabu haina mwili.

Dereva mmoja, mzee wa Mafinga, aliingia gereji na semi iliyokuwa imetoka Tunduma. Akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, dada fundi," nami nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Hili gari lina mambo. Kwenye tambarare halina neno. Nikianza kupanda linatafuta gia, linaacha, linatafuta tena. Halafu linapona lenyewe."

"Taa inawaka, mzee?"

"Inawaka, inazima. Wamelipima kule nilikotoka wakaniambia zima kabisa. Sasa tajiri anasema mimi ndiye nimechoka, siyo giaboksi."

Nikalipima, na kweli mashine ikajaza kioo kijani. Kwenye kumbukumbu za zamani za giaboksi kulikuwa na maneno yaleyale ninayoyaona mara kwa mara: ujumbe fulani wa injini "haukupokelewa kwa wakati", sasa hivi upo. Mafundi wengi wakisoma hivyo wanafuta kumbukumbu na kumpa dereva funguo. Nikazima swichi kuu ya betri, nikaenda moja kwa moja kwenye maungio ya zile waya mbili, nikaweka multimita. Kila ncha ya mtandao ina rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba mita lazima isome 60. Ilisoma 40. Hesabu ya fizikia ya sekondari inatosha: 40 ni rezista tatu za 120 zilizo sambamba. Kwa hiyo ndani ya lori kulikuwa na ncha ya tatu ambayo kiwanda hakikuiweka.

Tuliifuata waya nyuma ya dashibodi tukakuta kiboksi cheusi kimeviringwa tepu, kimeungwa kwa kumenya ganda la waya na kusokota shaba kwa shaba. Kilikuwa kifaa cha kufuatilia gari na kusoma mafuta. Siwalaumu wenye malori kwa kuvifunga. Mafuta yananyonywa, kila mtu wa barabara hii anajua, na mwenye gari aliye Dar hana macho ya kufika Makambako usiku. Kwa mabasi ya mikoani kifaa cha kufuatilia mwendo ni takwa la LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na sote tunaopanda mabasi hayo tunashukuru. Tatizo langu ni mahali vinapofungiwa, na mipangilio vinavyoachiwa.

Niliiondoa ile rezista ya ziada, mita ikarudi 60. Mzee akalipeleka lori Mlima Nyoka na kurudi. Tatizo limepungua, akasema, ila bado lipo. Hapo ndipo nilipofungua kompyuta na kiunganishi kinachorekodi kila ujumbe pamoja na wakati wake, tukapanda wote wawili, mimi na rekodi yangu kwenye kiti cha utingo.

Rekodi ya namna hiyo ni safu ndefu ya namba na haina uzuri wowote. Nilichukua ujumbe mmoja ambao giaboksi inautegemea wakati wa kubadili gia na ambao hutumwa kila milisekunde 20, nikaandika mapengo kati ya mmoja na unaofuata. Tambarare: 20, 20, 20, 20. Mlimani: 20, 20, 31, 9, 20, 41. Ile 31 ikifuatwa na 9 maana yake mmoja alichelewa na wa nyuma yake akaja kwa wakati wake, wakakaribia kugusana. Ile 41 ni mbaya zaidi: ujumbe mmoja haukuonekana kabisa. Haukupotea njiani. Kompyuta iliyoutuma ina chumba kimoja tu cha kuuwekea. Wa kwanza ukiwa bado uko kwenye foleni na wa pili ukatayarishwa, wa pili unaandikwa juu ya wa kwanza. Giaboksi ikingoja mara mbili tatu bila kusikia inaacha kubadili gia, na inafanya vizuri, maana kuendelea bila habari za injini ni hatari zaidi. Mzee alikuwa anaona giaboksi yenye busara akidhani ni mbovu.

Kile kiboksi nacho kilikuwa kikifanya nini? Kilitakiwa kusikiliza tu. Rekodi ilionyesha kinasema: jumbe tano, kila moja kila milisekunde 10, zote zikiwa na kipaumbele 0. Mtu aliyekifunga alikipakia mipangilio ya gari la aina nyingine, kikawa kinajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na kinajibu kwa sauti ya juu kuliko injini, giaboksi na breki.

Sasa daftari. Nitatumia namba za mviringo, maana orodha kamili ya jumbe za lori ni ndefu na inachosha, lakini umbo la jambo ni lilelile. Chukua ujumbe wetu wa kila milisekunde 20. Mbele yake kwa kipaumbele ziko jumbe 3 za kila milisekunde 10, jumbe 4 za kila 20, na 8 za kila 100. Hesabu ya siku mbaya kuliko zote inauliza: itakuwaje zote zikitaka kusema kwa wakati mmoja, na sekunde hiyohiyo mdogo mmoja ameshaingia njiani? Yule mdogo anakula 0.64. Hao 15 wa mbele wanakula 0.64 kila mmoja, jumla 9.6. Tuko kwenye 10.24. Lakini milisekunde 10 zimeshapita, kwa hiyo wale 3 wa haraka wamerudi na jumbe mpya na wana haki ya kutangulia tena: ongeza 1.92, inakuwa 12.16. Hakuna mwingine anayerudi kabla ya 20, basi ujumbe wetu unaingia, unachukua 0.64 yake, unafika kwenye 12.8. Muda wake ni 20. Salama, na nafasi ipo.

Tazama pia kitu kingine hapo. Ukipima njia hiyo imejaa kiasi gani unapata kama asilimia 40. Zaidi ya nusu ni tupu. Fundi anayeangalia asilimia peke yake anasema hapana foleni, na bado ujumbe unaweza kungoja mara kumi na tisa ya urefu wake wenyewe. Asilimia ni wastani, na wastani haujawahi kumwambia mtu lolote kuhusu dakika mbaya.

Leta kiboksi: watano wapya kila milisekunde 10, mbele ya wote. Rudia hesabu na utafika 19.2. Bado iko chini ya 20! Kwenye karatasi lori linapona, na nadhani hii ndiyo sababu tambarare halikuwa na neno. Sasa ongeza yale maungio ya tepu yanayotikisika mlimani. Ujumbe ukiharibika njiani, kompyuta zote zinapiga kelele ya kuukataa na aliyeutuma anarudia. Kukataa kunaweza kula biti 31, kurudia kunakula ujumbe mzima, jumla kama 0.76. Kosa moja linatufikisha karibu na 20 bila kuvuka. Makosa mawili yanavuka. Na kuvuka 20 siyo kuvuka kidogo, kwa sababu papo hapo wale wanane wa kila 10 wanarudi kwa mara ya tatu na wale wanne wa kila 20 kwa mara ya pili, wote mbele yetu. Hesabu inaruka kutoka 19 hadi 28.4. Hakuna kituo katikati. Kijana wa fildi niliyekuwa naye siku ile, anayesoma uhandisi, aliirudia mara kadhaa akidhani nimekosea kujumlisha. Ndivyo mitandao hii ilivyo: inavumilia, inavumilia, kisha inaanguka kwa hatua moja.

Hesabu hii sikuibuni mimi. Mwaka 1994 Ken Tindell na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walionyesha jinsi ya kukokotoa muda mrefu kuliko wote ambao ujumbe wa CAN unaweza kuchukua. Volvo waliitumia njia hiyo kwenye S80 iliyotoka mwaka 1998, na kampuni za programu za uhandisi wa magari zikaijenga ndani ya zana zao. Kisha mwaka 2007 Robert Davis na Alan Burns wa York hukohuko, pamoja na Reinder Bril na Johan Lukkien wa Eindhoven, Uholanzi, wakachapisha makala iliyosema kuna tundu. Burns alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya mwanzo, kwa hiyo hapa mtu anaurekebisha ukoo wake mwenyewe, jambo ambalo silioni mara nyingi kwenye fani yoyote.

Tundu lenyewe ni zuri ukilielewa. Hesabu ya 1994 iliutazama ujumbe wa kwanza tu, ikidhani zote zikianza pamoja basi wa kwanza ndiye atakayeteseka kuliko wote. Kumbe kwa sababu ujumbe hausimamishwi, ule wa kwanza ukishaingia njiani unawazuia wakubwa waliotokea nyuma yake. Wakubwa wale wanasukumwa mbele, wanakwenda kumlundikia ujumbe wa pili wa namba ileile. Wa pili anaweza kuchelewa kuliko wa kwanza. Inabidi uendelee kuhesabu mpaka njia inyamaze. Kasoro hiyo hutokea njia inapokuwa imejaa sana, kwa hiyo magari yaliyopimwa kwa hesabu ya zamani hayakuanza kuanguka barabarani. Lakini magari yetu ndiyo yanayojazwa baada ya kutoka kiwandani. Mhandisi wa Ulaya alihesabu kompyuta alizoziweka yeye. Hakumhesabu mtu mwenye tepu nyeusi.

Dereva wangu alikuwa na swali ambalo makala za chuo hulijibu kwa maneno magumu: mbona linaumwa leo, kesho halina kitu? Jibu liko kwenye saa. Kila kompyuta ya gari ina fuwele yake ndogo ya kuhesabia muda, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inaonekana si kitu, lakini ndani ya saa moja ya mwendo ni milisekunde 180. Kwa ujumbe wa kila 20 hiyo ni kupishana na mwenzake mara tisa. Kwa hiyo ile siku mbaya ya kwenye daftari, ambapo wote wanataka kusema pamoja, inakuja yenyewe, inakaa dakika kadhaa, inapita. Ikikukuta kwenye tambarare huijui. Ikikukuta Iwambi na mzigo, gia inakataa. Ukilileta lori gereji, saa zimeshaachana, lori zima. Nimewasikia madereva wakilaumu mafuta machafu, baridi ya Mbeya, hata mkono wa mtu. Siwacheki. Kitu kinachokuja na kwenda bila sababu inayoonekana lazima kitafutiwe mwenyewe.

Hadi hapa nimezungumzia mtandao mmoja. Lori la kisasa lina mitandao kadhaa. Scania waliipa yao majina ya rangi: nyekundu kwa injini, giaboksi na breki, njano kwa vitu kama dashibodi, kijani kwa starehe, mfano viyoyozi. Kati yao iko kompyuta inayoitwa mratibu, ambayo ndiyo lango: inapokea upande huu, inapeleka upande ule. Mpango mzuri, kwa sababu redio ikichizika haiwezi kuijazia breki njia. Ila ujumbe unaovuka lango una safari ndefu zaidi, na muda wake haujumlishwi kwa kuangalia waya mmoja.

Fuata mfano wetu. Upande wa kwanza, siku mbaya, 28.4. Lango lenyewe ni kompyuta yenye ratiba yake. Tuseme linachungulia sanduku lake kila milisekunde 10. Ujumbe ukiingia mara tu baada ya kuchungulia, unalala hapo zote 10. Upande wa pili una foleni yake, tuipe 12.8. Anayepokea naye anasoma kila 20. Jumla 71.2, yaani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori limesogea mita moja na nusu na zaidi tangu habari ilipokuwa kweli. Kwa mshale wa dashibodi si kitu. Kwa kompyuta inayoamua breki ya gurudumu gani ilegezwe ni habari ya jana.

Na kuchelewa si ubaya pekee wa lango. Kumbuka zile 31 na 9. Upande wa kwanza ukitoa jumbe mbili zilizokaribiana, lango linaziachia upande wa pili zikiwa zimebanana vilevile, na huko zinawapiga wadogo kwa mkupuo mara mbili ya walivyotarajia. Yaani kiboksi kilichofungwa kwenye mtandao mmoja kinavuruga mwingine ambao hakijaugusa. Ndiyo maana hesabu ya mitandao iliyounganishwa lazima ifanywe kwa pamoja na kwa kurudia: unaanza upande mmoja, unachukua kuyumba kwake, unakuingiza upande wa pili, na kama upande wa pili nao una jumbe zinazorudi, unaanza tena mpaka namba zitulie. Mkononi inachosha. Kompyuta inafanya haraka, na programu yake si ndefu. Kijana wangu wa fildi aliiandika hapohapo gereji.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiwe na mtandao wenye zamu, kila mmoja na dakika yake kwa saa moja ya wote. Upo, FlexRay ni mmoja wao, na unakimbia biti milioni 10 kwa sekunde. Ni wa gharama na ni mgumu, na mimi sijawahi kufungua lori lenye nao hapa. CAN mpya ya mwaka 2012, inayobeba hadi baiti 64 kwa ujumbe, imeongeza upana wa njia. Foleni haijaiondoa.

Turudi kwa mzee. Kile kiboksi tulikitoa, tukakata waya zilizomenywa na kuziunga upya kwa kubana na kulehemu, tukazisokota kama zilivyotoka kiwandani, kwa sababu msokoto ndio unaozikinga na kelele. Mwenye lori alipiga simu akisema hawezi kuendesha biashara bila kuona mafuta, na alikuwa na haki. Kuna kibanio kinachofungwa juu ya ganda la waya bila kulimenya, kinasikiliza kutoka nje na hakina namna ya kusema. Tukamfungia hicho. Rekodi ya kupanda Mlima Nyoka ikatoka 20, 20, 20, 20, na taarifa ya mafuta ikaendelea kwenda Dar. Mzee alilifurahia lori. Kibanio hakukifurahia sana, na aliniambia waziwazi.

Ninavyoona, kufunga kifaa kwenye mtandao wa gari kungepaswa kuwa kazi ya mtu mwenye cheti, kama ilivyo kufunga mita ya umeme nyumbani. Leo anayejua kuchomeka waya mbili na kulipwa kwa simu ni mfungaji. Mafunzo yetu ya ufundi nayo yanafundisha kusoma namba ya kosa, na namba ya kosa inazaliwa baada ya madhara. Mwanafunzi anatoka akijua omu 60 bila kujua kwa nini. Angejua hesabu ya foleni ya kurasa mbili angewafaa wenye malori kuliko mashine ya mamilioni, na mashine yenyewe inazidi kuziba macho: magari mapya yameweka lango kati ya soketi na mitandao ya ndani, kwa hiyo ukichomeka unazungumza na bawabu. Yeye anakuambia nyumbani kuzima. Kurekodi nyakati inabidi uende kwenye waya zenyewe, ufungue dashibodi, upande mlima, ukae na safu za namba mpaka jioni.

Kazi hiyo naitoza peke yake, mbali na ufundi. Wenye malori wanaiona ni wizi: fundi kakaa kwenye kiti cha utingo na kompyuta, hakubadilisha hata fyuzi, halafu anadai hela. Nimeanza kuwachapishia ile safu ya mapengo, kabla na baada, na kuipigia mstari mwekundu kila inapovuka. Baadhi yao wanalipa hapohapo. Wengine bado tunavutana bei.